Marafiki wa Ayubu Wamo Kanisani

Mtu akifiwa katika sharika zetu, sote tunajua la kufanya. Turubai linafungwa, viti vinaletwa, akina mama wanashika masufuria, kwaya inafika jioni, na mwenyekiti wa jumuiya anapita na daftari la rambirambi. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na imani kiasi gani kabla ya kutoa mchango wake. Lakini mtu huyo huyo akianguka angali hai, mambo hubadilika. Biashara imefungwa, kazi imekwisha, ndoa imevunjika, mkopo umebeba vyombo vya ndani, shamba limekwenda na mafuriko, na turubai halifungwi. Tunampa pole mlangoni mwa kanisa, tunamwahidi kwamba tutamwombea, kisha tunaanza kuulizana pembeni amekosea wapi.

Tunaandika makala hii kupinga mambo mawili. La kwanza ni mafundisho yanayomwambia aliyeanguka kwamba ameanguka kwa sababu imani yake ni ndogo. Mafundisho hayo yanapigiwa vipaza sauti viwanjani, yako redioni, yako kwenye simu zetu, na siku hizi yanasikika hata katika mimbari zetu. La pili ni umbali wetu sisi wenyewe, waumini wa Kilutheri tunaojisifu kwa liturujia yenye utaratibu na mafundisho yaliyonyooka, huku mwenzetu aliyeanguka akipita peke yake. Mambo haya mawili yanaonekana kama maadui, lakini kwa hakika ni mapacha. La kwanza humpiga aliyelala chini, la pili humruka likapita.

Tunachoamini ni hiki. Mkristo huinuka kwa sababu Kristo aliyesulubiwa na kufufuka anamshika hata kabla hali yake haijabadilika. Na mkono ambao Kristo anautumia kumshika, mara nyingi, ni mkono wa usharika.

Biashara ambayo hasara yote ni ya mteja

Tuyatazame kwanza mafundisho yenyewe. Yanasema kwamba mwenye imani hushinda, hupona, hufanikiwa na kupandishwa cheo. Basi ukishindwa, lazima kuna tundu mahali fulani. Huenda ni dhambi ya siri, au laana ya ukoo, au madhabahu ya mababu, au sadaka ambayo hukuitoa, au umeitoa ila haikuwa ya kukuuma. Tundu likishapatikana, dawa yake huwa na bei: chupa ya mafuta, maji, chumvi, kitambaa, au bahasha ya ukombozi.

Tazameni jinsi mpango huu ulivyojengwa. Mgonjwa akipona, sifa ni za mtumishi mwenye upako. Asipopona, kosa ni la mgonjwa asiye na imani. Mfanyabiashara akiinuka, ni mbegu aliyoipanda. Akifilisika, hakupanda ya kutosha. Mwalimu hakosei hata siku moja. Hii ni biashara ambayo faida yote ni ya muuzaji na hasara yote ni ya mteja, na mteja mwenyewe ni mtu ambaye tayari amepoteza.

Mafundisho haya si mapya. Ni ya zamani kama kitabu cha Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walipomwona rafiki yao juu ya majivu walifanya jambo jema moja: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona kwamba maumivu yake ni makubwa mno. Lau wangeondoka siku ya nane tungewakumbuka kama wachungaji wema. Walibaki, wakafungua vinywa, na sura kwa sura wakamfundisha Ayubu kwamba Mungu hampigi mtu bure, atafute kosa lake akatubu. Maneno yao yana heshima zote za kidini. Mengi yakitolewa peke yake yangefaa kuandikwa ukutani. Lakini mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi kwamba amewakasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo kweli juu yake kama alivyosema Ayubu. Ayubu aliyelia, aliyelalamika, aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake, ndiye aliyesema kweli. Waliomtetea Mungu kwa kumhukumu mtu wake ndio walioambiwa wapeleke sadaka ya kuteketezwa na waombewe na huyo waliyemhukumu.

Bwana wetu alikutana na mafundisho hayo hayo. Watu 18 waliangukiwa na mnara huko Siloamu, na katika Luka 13 Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Katika Yohana 9 wanafunzi wanaona kipofu na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa swali lenyewe. Anayeuliza leno hilo juu ya jirani yake aliyefukuzwa kazi anauliza swali ambalo Bwana wake alikwisha kulikataa.

Na mitume je? Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na jibu alilolipata lilikuwa neema, mwiba ukabaki. Alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu uliompata mara kwa mara. Kama kila ugonjwa ni upungufu wa imani, basi Paulo alizungukwa na watu wasio na imani, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza wao.

Kanisa letu lina neno la kusema hapa kuliko mengi mengine. Mwaka 1518, huko Heidelberg, Martin Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa utukufu humtafuta Mungu katika nguvu, ushindi na fahari, na kwa hiyo hawezi kuuita uovu uovu wala wema wema. Wa msalaba humwona Mungu pale ambapo hakuna aliyemtazamia, katika mwili uliopigwa misumari, na kwa hiyo huweza kulitaja jambo jinsi lilivyo. Hayo hayakuwa maneno ya darasani tu. Mwaka 1528 Luther na mkewe Katharina walimzika binti yao Elisabeth kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1542 walimzika Magdalena, mwenye miaka 13. Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa mtoto wao kuiaga dunia katika imani, lakini walishindwa kufanya hivyo bila kulia na kuugua. Huyo ndiye mwalimu tunayejiita kwa jina lake. Hakutafuta laana ya ukoo. Alilia, akamwandikia rafiki, akaendelea kuhubiri ufufuo.

Mafuta yanapaswa kumfuata mgonjwa

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana, waumini walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa kwa ajili ya upako. Baadhi yao walikuwa watoto. Hatuandiki hapa ili kumhukumu mtu, wala hatuna ruhusa ya kuwacheka waliokwenda. Mtu hukimbia hivyo kwa sababu ana jambo linalomtafuna: ugonjwa usiosikia dawa, deni, mimba isiyokuja, kesi isiyokwisha.

Lakini tusome Yakobo 5. Mtume naye anataja mafuta. Anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalieni nani anatembea. Mgonjwa yuko kitandani. Wazee ndio wanaovaa viatu. Katika Agano Jipya mafuta humfuata mgonjwa nyumbani kwake. Siku ambayo mgonjwa analazimika kuyakimbilia mafuta, akipita juu ya mgongo wa mgonjwa mwenzake, kuna jambo limegeuzwa juu chini.

Hapa ndipo panapotuchoma sisi. Moshi ni mji wa sharika zetu. Kengele za makanisa ya Kilutheri zinasikika pale tangu enzi za wamisionari wa Leipzig. Swali la kujiuliza si kwa nini watu walikwenda uwanjani tu. Tujiulize pia ni wangapi kati ya wanaokwenda viwanja vya namna hiyo waliwahi kutembelewa nyumbani na mzee wa kanisa mwenye chupa ndogo ya mafuta, Biblia, na muda wa kutosha wa kukaa. Mtu ambaye hakuna aliyemgusa kwao atakwenda kuguswa kwa wageni.

Mkono mtupu haulambwi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Walikuwa wakieleza tabia ya dunia. Inasikitisha kwamba methali hiyo imepata makao kanisani.

Fikirini juu ya mama ambaye mtaji wake wa kuuza mitumba umekwisha. Alichukua mkopo ule ambao mtaani unaitwa kausha damu. Fedha aliyopewa ni ndogo, marejesho ni kila siku au kila wiki, riba ni ya kutisha, na dhamana ni makochi, televisheni na mtungi wa gesi. Mwanae akaugua, marejesho yakakatika, wakaja kubeba vitu watoto wakitazama. Huyo mama ana bahasha ya ahadi kanisani, yenye namba yake. Jumapili hiyo atafanya nini? Bahasha iko tupu. Kwaya yake imepitisha mchango wa sare mpya. Jumuiya yake imepanga harambee ya ujenzi, na majina ya waliotoa yatasomwa kwenye matangazo. Atabaki nyumbani. Jumapili ya pili atabaki tena. Na inapofika robo ya mwaka, mtu wa kwanza kumgongea mlango kutoka usharikani ni yule anayefuatilia ahadi.

Mama huyo akienda uwanjani kesho, ni nani mwenye lawama?

Tunajua kuchanga. Tazameni kamati ya harusi: ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kundi la simu, kadi za ahadi, na mtu wa kukumbusha kila jioni. Mamilioni hupatikana kwa ajili ya chakula cha saa nne na ukumbi uliopambwa. Hatupingi harusi, Bwana wetu mwenyewe alihudhuria ile ya Kana. Tunasema tu kwamba jamii inayoweza kuchanga hivyo kwa ajili ya usiku mmoja haiwezi kusema haina uwezo wa kumwinua mwenzao aliyeanguka. Yakobo, katika sura ya 2, anamfananisha mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu, na imani iliyokufa. Sala yetu ya "tutakuombea" ikitolewa mlangoni na mtu mwenye akiba, huwa karibu sana na maneno hayo.

Waliotutangulia walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1522 mji wa Wittenberg ulitunga utaratibu mpya wa kanisa, ukaanzisha sanduku la pamoja. Kutoka katika sanduku hilo mafundi maskini walikopeshwa bila riba, na waliobanwa na madeni ya riba kubwa waliwezeshwa kuyalipa kwa mkopo wa asilimia 4 tu. Mwaka uliofuata mji mdogo wa Leisnig ulifanya vivyo hivyo, na Luther akaandika dibaji ya kanuni zake. Sanduku la Leisnig lilisimamiwa na watu 10 waliochaguliwa kila mwaka: makabaila wawili, wajumbe wawili wa baraza la mji, wenyeji watatu wa mji na wakulima watatu. Lilikuwa na kufuli nne na funguo nne, ili mtu mmoja asiweze kulifungua. Matengenezo ya Kanisa yalipobomoa mafundisho kwamba wokovu hununuliwa, fedha iliyokuwa ikitafuta wokovu ilielekezwa kwa jirani. Kausha damu ya karne ya 16 ilijibiwa na kanisa lenye funguo nne. Ya karne ya 21 tunaijibu kwa nini?

Turudi kwa Ayubu, maana kuna mstari mmoja ambao mahubiri mengi huuruka. Wahubiri wa mafanikio wanapenda mwisho wa kitabu: kondoo 14,000, ngamia 6,000, kila kitu mara mbili. Lakini kabla ya hesabu hiyo, katika Ayubu 42:11, tunasoma kwamba ndugu zake wote, dada zake na wote waliomjua zamani walimjia, wakala chakula pamoja naye nyumbani mwake, wakamlilia na kumfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Jamani, huo ni mchango! Daftari lilipita. Hao ni ndugu wale wale ambao katika sura ya 19 Ayubu alilalamika kwamba wamekaa mbali naye na kumsahau. Mungu alimrudisha Ayubu, na kati ya njia alizozitumia ni ndugu waliorudi mezani na kila mmoja na kitu mkononi.

Na tusisahau jambo lingine. Mifugo iliongezwa mara mbili, lakini wana walikuwa saba kama mwanzo na mabinti watatu kama mwanzo. Watoto hawahesabiwi kama ng'ombe. Wale 10 waliokufa hawakurudi, wala waliozaliwa baadaye hawakuwa badala yao. Ayubu aliinuka akiwa na makaburi 10 moyoni. Anayetuahidi kwamba imani itarudisha kila kitu kama kilivyokuwa hajakisoma kitabu hiki hadi mwisho.

Tunajibu wanaotupinga

Wapo watakaosema kwamba tunapinga miujiza. La, hatupingi. Tunawaombea wagonjwa, tunaweka mikono, na tumeona Mungu akitenda yaliyowashangaza madaktari. Tunachokipinga ni muujiza kugeuzwa kuwa kipimo. Mungu akimponya mmoja, ni neema. Asipomponya mwingine, neema haijapungua. Anayeweka bei au masharti katikati ya hapo anarudia yale ambayo Luther aliyapinga mwaka 1517, ila siku hizi cheti kimekuwa chupa.

Wengine watasema, "Lakini huyu amejitakia." Alibeti mpaka ada ya shule. Alikunywa mpaka kazi ikamshinda. Alimwacha mkewe. Ni kweli, kuna maanguko yanayotokana na dhambi, na hatuwezi kuyaita bahati mbaya. Sheria ya Mungu lazima isemwe. Lakini mtazameni Bwana akimrudisha Petro katika Yohana 21. Petro hakuonewa na mtu. Alimkana Yesu mara tatu kwa kinywa chake. Yesu anawasha moto wa makaa ufuoni, anaweka samaki na mkate, anawaita wanafunzi wapate kifungua kinywa. Baada ya kula ndipo anamuuliza Petro kama anampenda, mara tatu, na kila mara anamkabidhi kondoo. Kuna swali gumu pale, na Petro alihuzunika. Ila chakula kilitangulia swali, na swali lilifuatwa na kazi. Sisi mara nyingi tunaanza na swali, tunaweka kikao, tunatangaza adhabu, na chakula hakifiki. Kanisa letu linalo ungamo la faragha na tamko la ondoleo la dhambi. Katekisimo Ndogo inalifundisha. Mwenye dhambi aliyeanguka anahitaji kuusikia msamaha ukisemwa kwake kwa jina lake. Kumwambia kwamba ana laana ya babu yake ni kumnyima toba, maana hakuna anayeweza kutubu dhambi ya babu yake.

Tena wapo watakaosema kanisa si benki, na usharika wetu ni maskini. Makanisa ya Makedonia nayo yalikuwa maskini, na Paulo katika 2 Wakorintho 8 anashuhudia kwamba yalitoa kupita uwezo wao. Isitoshe, akina mama zetu wanaendesha VICOBA vyenye masanduku ya kufuli tatu, na ndani yake wana mfuko wa jamii kwa ajili ya mwanachama aliyepatwa na shida. Walichojifunza Leisnig mwaka 1523, mama zetu wanakijua. Imebaki baraza la wazee kwenda kujifunza kwao.

Kuinuka kunavyofanana

Sasa tuseme na wewe uliyeanguka, ambaye umesoma mpaka hapa ukitafuta neno lako.

Huenda umeambiwa ukemee roho ya kukata tamaa. Eliya alikata tamaa kabisa. Katika 1 Wafalme 19 aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika wa Bwana hakumkemea. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili, akakiri kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Usingizi, mkate, maji, na mtu anayekubali kwamba mzigo ni mzito: hiyo ilikuwa huduma ya mbinguni. Baadaye Mungu alimpa kazi ya kufanya, akampa Elisha wa kufuatana naye, na akamweleza kwamba wapo 7,000 ambao yeye hakuwajua. Kumbe kilichokuwa kikimuua ni kudhani yuko peke yake.

Huenda pia umehubiriwa Isaya 40 mpaka kwenye tai. Wahubiri wengi husimama hapo, wakati mbawa zimekunjuliwa. Lakini nabii anaendelea. Anataja kuruka, kisha kukimbia, na mwisho kabisa kutembea bila kuzimia. Kutembea ndiko alikokuweka mwisho. Kuna majira ambapo neema yote ya Mungu kwako ni kuweza kuamka, kunawa uso, kuwaandalia watoto uji na kwenda kituoni kupanda daladala. Usidharau majira hayo. Umo ndani ya ahadi.

Na kama huna neno la ushindi la kutoa wakati wa shuhuda, sema lile ulilo nalo. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, wala haina mstari wa shangwe mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Walijua kwamba kumlilia Mungu gizani ni imani, kwa sababu bado ni kumlilia Mungu. Naomi alirudi Bethlehemu akataka aitwe Mara, yaani mchungu, na mji haukumfukuza. Ruthu aliyekuwa kando yake alikwenda kuokota masazo shambani, na katika ukoo wa wajane hao wawili alizaliwa Daudi, na baadaye Bwana wetu.

Shikilia ubatizo wako. Luther alipobanwa na mashaka alijikumbusha kwamba amebatizwa. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tukiwa hatuna biashara, cheti wala cheo, hatujashinda lolote. Mungu alikuita wake siku hiyo, na hakuna deni wala hati ya talaka inayoweza kulifuta jina lako hapo. Kristo aliyekuita alifufuka akiwa bado na alama za misumari, akazionyesha kwa wanafunzi. Nawe utainuka ukiwa na alama zako.

Usikae nyumbani kwa sababu ya bahasha. Njoo nayo tupu. Kwenye Meza ya Bwana tunapiga magoti mstari mmoja, mkurugenzi na mbeba mizigo, na kila mkono unaofika pale ni mtupu. Pale hakuna anayepokea kwa sababu ya alicholeta.

Yatupasayo kutenda

Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, alizitaja njia ambazo Injili hutufikia: neno linalohubiriwa, Ubatizo, Meza ya Bwana, mamlaka ya funguo, na pia mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Hiyo ya mwisho haihitaji kuwekewa mikono. Kila mwenye kiti cha kumkaribisha mwenzake anaweza kuihudumu.

Basi wachungaji wenzetu, tuache kuazima maneno ya viwanjani ili tujaze viti. Waumini wakikosa msalaba kwetu hawataupata huko. Wazee wa kanisa, orodha ya wasioonekana Jumapili tatu mfululizo iwe mbele yenu kabla ya orodha ya wasiomaliza ahadi, na anayetumwa kuwatembelea asiwe na risiti mfukoni. Baraza la usharika, wekeni mfuko wa walioanguka wangali hai, wenye kanuni zilizoandikwa, watunza funguo zaidi ya mmoja na taarifa ya wazi kila robo mwaka, ila majina ya wanaosaidiwa yafichwe. Majirani wa jumuiya, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nendeni mkakae, hata siku saba, na mkikosa la kusema mkae kimya. Marafiki wa Ayubu walikuwa sahihi kabisa mpaka walipoanza kuhukumu.

Na daftari la rambirambi lisisubiri jeneza. Wiki hii, kabla ya ibada ya jumuiya, tuulizane kwa upole ni nani kati yetu ambaye mlango wake haujagongwa. Kisha tuvae viatu.